Jiko la Bandani

Geelong
9 Machi 1997

Nunzio mdogo wangu,

Umenikatia simu. Usiseme laini ilikatika, maana nilikusikia ukitukana kwanza, na laini haitukani. Basi kuanzia leo tuandikiane. Kwenye simu sisi wawili hatumalizi dakika tatu bila kugombana, na nilikuwa nimepiga kutoka kwa Mama, naye alikuwa amekaa pale anasikiliza huku anajifanya anachambua dengu.

Jambo lenyewe ni moja, na nilitaka ulisikie mpaka mwisho. Mama amekubali. Nyumba ya wazazi kule Reservoir itauzwa, na yeye atahamia kwetu Geelong, kwenye kile chumba kinachotazama bustani. Tangu Baba afariki naendesha gari kwenda Melbourne kila Jumatano na kila Jumapili, na katikati ya wiki simu ikilia tu moyo unanidunda. Mama ana miaka sabini na tisa na yuko peke yake. Nimechoka, Nunzio. Nalisema mapema ili usije kunitafutia sababu nyingine.

Alhamisi alikuja dalali wa nyumba, Bwana Whitford, kijana mwenye viatu vya kung'aa. Anasema njia ni mbili: tuiuze kama ilivyo, sasa hivi, au tuitengeneze wakati wa baridi ipigwe mnada Oktoba ikiwa imependeza. Alipoingia jikoni kule juu alisimama akashika kiuno. "Hili jiko mmeliweka lini, mwaka jana?" Nikamwambia sabini na tano. Akacheka, akidhani namtania. Akafungua makabati ya rangi ya machungwa, akapapasa vigae, akainama akaiona ile nailoni ya dukani bado imefunika swichi za oveni. Akaniuliza, "Sasa mnapikia wapi?"

Nikamteremsha kwenye banda la gari. Unajua alichokiona: jiko la gesi jeusi tii, sinki la zege alilolimimina Baba, meza ndefu kama ya kambi ya jeshi, soseji za mwaka jana zinaning'inia darini, na Mama katikati yake anakaanga biringanya. Baba, Mungu amrehemu, hakuwahi kuingiza gari humo hata siku moja. Bwana Whitford akaninong'oneza kama vile mle ndani kuna mgonjwa: "Kwa hiyo nyumba haina banda la gari?"

Mimi nasema tuuze kama ilivyo. Nipe jibu, na liwe fupi. Msalimie Leanne.

Dada yako,
Imma


Kalgoorlie
20 Machi 1997

Dada,

Samahani kwa simu. Laini ilikatika. Haya, haikukatika.

Jibu fupi ni hapana. Kuiuza ile nyumba kama ilivyo ni kumtukana Baba kaburini. Atakuja mtu, atatazama bafu la waridi, atacheka kama huyo dalali wako wa viatu, halafu atainunua kwa bei ya kiwanja aivunje. Baba aliijenga kwa mikono yake, kila Jumamosi kwa miaka mitatu. Basi iuzwe ikiwa imevaa vizuri.

Nimeshachora, michoro hii hapa. Bafu: vigae vyote vitoke. Kapeti za sebuleni zing'olewe, chini yake kuna mbao nzuri, nakumbuka. Uani ivunjwe ile saruji yote ziwekwe nyasi, maana Mwaustralia hanunui nyumba ambayo hawezi kufyeka kitu Jumamosi. Mtini ubaki. Banda lisafishwe liwe banda la gari kweli, kuta zipigwe plasta, mlango mpya. Jiko la juu tusiliguse, ni jipya.

Nina likizo ya wiki tatu mwezi wa Juni. Umeme ndiyo kazi yangu, vigae alinifundisha Baba, na saruji kila mtoto wa Kiitaliano, tena wa Kalabria, anazaliwa anaijua. Wewe hutanyanyua hata ndoo. Juzi nilikuwa na mpango mwingine kabisa, wa kutoa ukuta kati ya sebule na jikoni, lakini nimeuacha. Nadhani nimeuacha. Kule mgodini, chini ya ardhi, wenzangu wakila mimi nachora nyuma ya karatasi ya zamu. Situlii, Dada. Mikono inaniwasha.

Leanne anakusalimu sana.

Nunzio


Geelong
3 Aprili 1997

Nunzio,

Michoro nimeipata. Bafu umelichora bila mlango, mengine nimeyaelewa.

Sasa na wewe nisikilize. Unaongea kama mtu anayehamia, si kama mtu anayeuza. Huyo mnunuzi unayemng'arishia sakafu ni nani, umemwona wapi? Baba alipolazwa ulikuja siku nne. Leo una wiki tatu kwa ajili ya vigae. Silaumu. Hapana, nalaumu, ila sitaki tugombane.

Keith anasema nikuache ufanye. Shemeji yako ni Mwaustralia, huyo hawezi kuuza hata jokofu bila kulifuta na kulipulizia manukato. Nami nimetafakari nikaona Oktoba si mbali. Basi, haya. Tengeneza.

Nilimwuliza Mama. Alikuwa anapanga chupa za rojo la nyanya bandani, zile za Februari, anazigeuza moja moja kutazama vifuniko. "Fanyeni mnavyotaka," akasema. "Nyumba ni yenu." Nikamwambia, Mama, nyumba ni yako. Akasema, "Basi kama ni yangu, fanyeni mnavyotaka." 

Kuhusu banda sikupingi. Toa jiko, toa sinki, toa kila kitu, na zile ngazi tatu za kushukia mlango wa nyuma uzitazame vilevile. Usiniulize kwa nini nimelainika hapo.

Msalimie Leanne. Mwambie aniandikie siku moja, mwandiko wake nimeusahau.

Imma


Kalgoorlie
15 Mei 1997

Dada,

Nimebadili mawazo. Tusitengeneze chochote. Uza, dalali achukue chake, Mama ahamie kwako kesho, na hayo mengine yana faida gani? Nyumba ni matofali tu.

Hapo juu niliandika Jumatatu. Leo ni Alhamisi na nimebadili tena. Tutengeneze. Tiketi nimeshakata.

Swali moja tu. Mwaka huu mlisaga nyanya bandani na majirani kama kawaida. Mwaka ujao Mama akiwa kwako mtasagia wapi? Jiko lako lina zile meza za mawe ambazo hata glasi ya maji unaiwekea kitambaa. Nimekumbuka tu. Usikasirike.

Nunzio


Reservoir
15 Juni 1997

Dada,

Kwa kuwa una mafua na Mama amekupiga marufuku kukanyaga hapa mpaka upone, na simu iko pale pale jikoni anaposikia kila kitu, nakuandikia. Barua itafika Geelong kabla ya homa yako kuisha.

Bafu limekwisha, jeupe kama jino. Mbao za sebuleni ni nzuri kuliko nilivyozikumbuka. Saruji ya uani ilinitoa jasho, Baba alikuwa ameweka nondo kana kwamba ndege zitatua, lakini sasa kuna nyasi kutoka mlangoni mpaka kwenye mtini. Mama alizitazama akaniuliza zinaliwa na nini.

Banda nililifanya Alhamisi. Nilidhani atakwenda kwa jirani, au kanisani. Hakwenda. Alifunga aproni, akatoa sufuria zote akaziosha moja moja, akazipangusa, kisha akaniletea nizitie kwenye lile pipa la takataka. Nikamwambia, "Mama, unaosha vitu vya kutupa?" Akanijibu, "Nitupe vichafu, watu waseme nini?" Lile sinki la Baba lilikataa kutoka, nikalipiga nyundo asubuhi nzima. Vumbi liliniingia machoni siku nzima. Ngazi nimeziwekea kishikio cha chuma kama ulivyotaka, ingawa hukuniambia kwa nini.

Jambo moja la kijinga. Bomba la gesi nilipaswa kulikata kule ukutani. Sikulikata. Nimelifunga kifuniko nikalipiga plasta juu yake, halionekani. Sijui kwa nini.

Na lingine. Nilifungua ile oveni ya juu nione kama inawaka. Ndani kuna kitabu cha maelezo, bado kiko kwenye mfuko wake. Dada, miaka ishirini na miwili. Mimi na wewe tumekulia hapa na hatukuwahi kuuliza. Nikiona hivyo nashindwa kukaa. Nimeshapaka uzio rangi mara mbili.

Naondoka Ijumaa.

Nunzio


Geelong
22 Julai 1997

Nunzio,

Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni. Homa ile ilinilaza mwezi mzima, na Jumapili ndiyo nimeweza kufika, na Bwana Whitford na mpiga picha wake, wapate picha za tangazo. Tukazunguka nyuma waone nyasi zako. Katikati ya nyasi kuna duara jeusi kubwa kama gurudumu la lori, na katikati ya duara kuna matofali matatu, na juu ya matofali sufuria, na mbele ya sufuria Mama amejifunika koti la Baba, mvua inanyesha, anapika maharagwe. Mafiga matatu, Nunzio! Melbourne, mwezi wa Julai. Mpiga picha akaniuliza kama ni ibada.

Nilicheka mpaka nikaingia ndani, na ndani ndipo kicheko kilipokauka. Jikoni juu hakuna kilichoguswa. Jokofu lina mkate, jibini na nusu kitunguu. Nikamwuliza unakula nini siku zote hizi. "Nakula." Unapika wapi? "Kukiwa na jua, nje." Na mvua ikinyesha? Akafunga jokofu. Jirani ndiye aliyeniambia: mvua ikinyesha anakula mkate, amesimama kwenye chumba cha kufulia, ili makombo yasianguke jikoni. Nimempima kwenye mizani. Amepungua kilo tano tangu uondoke.

Nimemsihi. Nimepiga kelele. Niliwasha jiko la juu mimi mwenyewe nichemshe maji ya tambi, akalizima, akafuta pale nilipogusa.

Sasa nikwambie nilichokuficha. Februari, siku ya nyanya, majirani walipokwisha kuondoka, Mama alianguka kwenye zile ngazi akiwa na sufuria mkononi. Nilimkuta amekaa chini, nyanya mpaka kwenye nywele, nikadhani ni damu. Mguu ulivimba wiki mbili. Aliniapisha nisikwambie. Ndiyo sababu nilikuwa na haraka ya kuuza, na ndiyo sababu nilikuruhusu uvunje jiko la bandani: nilitaka asiwe na sababu ya kushuka zile ngazi. Basi mimi nilikutuma, na wewe ulivunja. Tumemnyang'anya jiko mwanamke anayepika tangu ana miaka saba, halafu tunashangaa kwa nini hali chakula.

Mnada ni tarehe kumi na moja Oktoba. Sijui kama tutamfikisha salama.

Imma


Kalgoorlie
2 Agosti 1997

Dada,

Barua yako nimeisoma mara nne na kila mara nimesimama. Kilo tano. Majuto ni mjukuu, tuliambiwa, na mimi ndiye niliyeshika nyundo.

Ulinifungulia moyo na mimi nikufungulie. Leanne hakusalimu. Hajakusalimu tangu Novemba, maana tangu Novemba hayupo. Amekwenda kwa dada yake Bunbury na hatarudi, na hakukosea, nilikuwa mtu wa kuchosha. Naishi kwenye chumba cha kampuni chenye kitanda na birika. Uliposema naongea kama mtu anayehamia, nilikaa na ile barua siku nzima. Ndiyo, Dada. Nilitaka nyumba itengenezwe kwa sababu nilitaka mahali pa kutengeneza. Nilijidanganya kwamba namfanyia Baba.

Msomee Mama hii, ukiruka habari za Leanne. Mwulize kwa niaba yangu: kwa nini hapiki juu? Nilidhani ni kwa ajili ya usafi tu, kama mama wote wa mtaa ule na sofa zao za nailoni. Lakini mtu hafi njaa kwa ajili ya usafi.

Nunzio


Reservoir
19 Agosti 1997

Nunzio mwanangu,

Naandika mwenyewe. Nilisoma mpaka darasa la tatu kwa hiyo soma polepole, na mimi naandika polepole.

Imma amenisomea barua yako. Aliruka pale pa Leanne, akawa mwekundu. Nilishajua. Leanne aliniletea kadi ya Krismasi kutoka Bunbury, kwa dada yake. Mke mwenye mume haandiki kadi ya Krismasi akiwa kwa dada yake.

Unauliza kwa nini sipiki juu. Miaka ishirini na miwili hukuuliza, unauliza umeshavunja. Haidhuru.

Lile jiko si langu. Ni la dada yangu Rosina, hamkumjua. Nilipopanda meli kuja huku alisimama bandarini akasema Assunta unakwenda kufa njaa nchi ya watu. Nikamwandikia kila mwezi kwamba tunakula vizuri. Hakuamini. Mwaka wa sabini na nne akasema atakuja aone kwa macho yake. Baba yako akafanya kazi Jumamosi na Jumapili, tukaweka jiko, nikasema Rosina akifika asikute hata tone la mafuta, alale humo akitaka. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Akaahirisha. Mara mguu, mara mavuno ya zeituni, mara binti anaolewa. Themanini na tatu akafa.

Nikasema Jumatatu nitaanza kulitumia. Jumatatu nikaona aibu. Kila Jumatatu nikaona aibu. Ukipika pale ni kama unamwambia basi, sikungoji tena.

Imma amekiri kwamba amekwambia nilianguka. Kuanguka si kwa ajili ya ngazi. Nilivaa ndala za baba yako, ni kubwa. Nitaendelea kuzivaa.

Unajilaumu umevunja jiko langu. Ndiyo umelivunja. Lakini nilikuona unapiga lile sinki huku unalia, ukasema vumbi. Nikasema moyoni mwache, mkewe ameondoka, avunje kitu. Sufuria nitapata nyingine. Kama mikono bado haijatulia niambie.

Kwa Imma nilisema ndiyo kwa sababu amekonda kwa kwenda na kurudi. Si kwa sababu nataka Geelong. Geelong kuna upepo. Lakini nitakwenda.

Kula.

Mama


Geelong
12 Oktoba 1997

Nunzio,

Imeuzwa. Kaa chini nikuhadithie, na kaa kweli, usizungukezunguke na barua mkononi.

Jana nilifika saa mbili asubuhi, mnada ulikuwa saa tano. Bwana Whitford alikuwa ameniagiza ninunue mkate wa moto na kahawa, ili nyumba inukie vizuri wateja wakiingia. Nafungua mlango nakutana na harufu ya hoho za kukaanga. Nikajua amewasha tena mafiga. Nikakimbilia uani: hakuna mtu, nyasi zimekaa vizuri. Narudi ndani, namkuta jikoni juu. Ile nailoni ameitoa, ameikunja ameiweka mezani. Kikaango kiko motoni. Mafuta yamerukia vigae vya machungwa, yanateremka, na yeye hata hayafuti.

Nikamwambia, "Mama, leo?"

"Leo," akasema. "Sitaki mtu baki ndiye awe wa kwanza kulichafua."

Akanikatia mkate. Tulikula tumesimama, dirisha wazi. Nililia, Nunzio, nililia kama mtoto, na bado nilikula hoho nne. Yeye alikula sita. Hakuzungumza habari za Rosina, nami sikumwuliza. Alipomaliza akafuta mikono kwenye aproni akasema oveni hiyo inawaka vizuri, ni hasara.

Sasa mnada. Mtaa mzima ulikuwa umesimama njiani, majirani wote na viti vyao, kana kwamba ni maandamano ya mtakatifu. Wale vijana wa Kiaustralia uliowatengenezea nyumba walikuja kweli, jozi tatu. Walisifia nyasi zako, wakasifia bafu lako, wakasifia mbao, wakaenda zao wakale chakula cha mchana. Wakabaki Bwana na Bibi Truong, Wavietnam, na mama mzazi wa bwana, bibi kizee mfupi mwenye kofia. Bibi Truong alikuwa amezunguka nyumba yote kimya, kisha akamwuliza Bwana Whitford mbele ya watu: "Jiko la nje liko wapi? Nyumba za wazee wa Kiitaliano huwa na jiko la nje. Tunakaanga samaki kila siku, siwezi kukaangia ndani."

Bwana Whitford akatoa kifua mbele. "Hakuna jiko la nje! Kuna banda zuri la gari, limepigwa plasta mpya!"

Mwanamke akamwambia mumewe neno moja, mume akakunja karatasi. Walikuwa wanaondoka, Nunzio. Nilisimama pale nikaona miezi yote saba inapita getini na kofia kichwani.

Mama ndiye aliyetoka, na ndala za Baba miguuni, ananuka mafuta. Hakumtazama dalali. Alimshika yule bibi wa kofia mkono, wakashuka ngazi polepole, wamekishika kishikio chako wote wawili, sisi tukafuata nyuma. Kiingereza cha Mama unakijua, na cha yule bibi ni ndugu yake. Mama akapapasa ukuta mweupe kwa viganja kama anayetafuta mlango gizani, akagonga, akagonga tena pembeni. "Hapa. Gesi. Mwanangu alifunika." Bibi akagonga na yeye. "Hapa?" "Hapa. Mwanangu ana wazimu kidogo, lakini bomba hakukata." Wakacheka wawili hao, wameshikana mikono, na Bwana Whitford anatazama plasta yake mpya kama mtu aliyeibiwa.

Wameinunua. Bibi Truong anataka kujua ni fundi gani anayeweza kurudisha sinki la zege. Na vigae vya bafu atavibadilisha. Anasema angependa waridi.

Mwisho wa Novemba Mama anahamia kwetu. Jana alikuwa mchangamfu mpaka watu walipoondoka, halafu akaenda kulala kabla jua halijatua. Naogopa. Jikoni kwangu atakuwa mgeni tena, na nimeona anachofanya akiwa mgeni.

Imma


Geelong
30 Novemba 1997

Nunzio mdogo wangu,

Hujanijibu ya Oktoba. Mgodini wananiambia umeomba likizo ya mwezi mzima na hukuacha anwani. Natuma hii hapo hapo, watakupa.

Mama amefika jana. Vitu vyake vilijaa gari moja tu, na nusu yake ni chupa za nyanya. Nilimwonyesha chumba. "Kizuri." Nilimwonyesha bafu. "Zuri." Jikoni aliingia ameweka mikono nyuma, akatazama meza zangu za mawe, akatazama jiko langu la umeme la kioo, lisilo na moto wala swichi, akasema, "Zuri sana, Imma," kwa sauti ile ile ambayo tuliisikia utotoni tulipomletea picha tuliyochora vibaya. Hakugusa kitu.  Nikasema basi, imeanza tena: mkate na jibini, amesimama.

Tukanywa kahawa. Akamwuliza Keith kule nyuma kuna nini. Keith akasema kuna banda la gari. Akaomba aone. Unajua jinsi Keith anavyolipenda lile gari lake, analifunika shuka. Mama akalizunguka mara mbili, akatazama dari, akatazama dirisha, akagonga ukuta kwa kidole. Kisha akamwuliza Keith kwa upole wote, mkono begani kwake:

"Mwanangu, hili gari likinyeshewa linaumwa?"

Keith alinitazama. Nilikuwa nimeshika mdomo, na machozi yananitoka, na sikujua ni ya kucheka au ya nini.  Yule mwanamume aliingia ndani akachukua ufunguo. Gari liko nje tangu jana, na leo mvua inanyesha, na yeye kila mara yuko dirishani. Mama amekwisha kupima mahali pa jiko kwa kamba ya aproni. Meza anasema itakaa katikati, ya watu kumi na wawili. Nilimwambia tuko watatu. Akasema tutaona.

Chumba cha mwanangu mkubwa kiko wazi tangu alipooa. Sikulazimishi. Nakwambia tu kiko wazi.

Mama ananipokonya kalamu.

Imma


Nunzio. Banda la Keith halina ngazi hata moja. Nyanya zinaiva Februari. Lete nyundo na drili, na safari hii ni kujenga. Mama.